Mzee Aliyekataa Kutoka

Kwetu, mtoto wa kwanza akiwa mvulana ni baba ya baba yake. Sisemi anapewa jina lake tu. Nasema ni yeye, amerudi, na nyanya yake atamwita mume wangu mbele ya watu na hakuna atakayecheka. Baba mkwe wangu alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Kwa hivyo asubuhi ile mama mkwe alipoona harufu ya mafuta ya taa imenitoa jikoni mbio, nikaenda kutapikia migombani, alikuja polepole akasimama mbele yangu, akanitazama tumbo, si uso, akasema, "Karibu nyumbani, mzee."

Tangu siku hiyo nikawa nyumba ya mtu. Napita na ndoo ya maji, naitwa, nasimama, kumbe siitwi mimi. "Mzee, umeamka?" "Mzee, leo kahawa imekuwa nyingi, ungekuwepo ungefurahi." Jioni akinipakulia chakula anaongeza mwiko mmoja, na huo mwiko ananiambia wazi ni wa nani. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Najua mtoto anatokana na nini, niliuchora mchoro wenyewe kwenye mtihani na nikapata alama. Lakini jaribu kueleza bayolojia kwa mwanamke anayeongea na bwanake kupitia kitovu chako.

Mume wangu ni fundi wa magari kwenye ranchi moja huko Nanyuki, na huja mwisho wa mwezi. Nilipomlalamikia alicheka. "Muache, si amefurahi?" Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umelala chini ya lori na tumbo lako ni lako peke yako.

Shida ni kwamba mzee hakutoka. Siku zake zilifika zikapita. Baridi ya Julai ilikuwa imeshika Mukurweini, ukungu unakaa mpaka saa za chai, na mimi nashuka na kupanda nikiwa nimevaa sweta la mume wangu kwa sababu langu lilikataa kufunga. Wanawake kwenye kiwanda cha kahawa waliniuliza, "Kwani bado?" kama kwamba nimemficha mtoto makusudi. Mmoja akaniambia nipande mlima wa shule haraka haraka, uchungu utaanza. Nikapanda. Kilichotoka ni jasho. Mwingine akasema nile pilipili. Nikala, na sitaeleza kilichotoka.

Mwishowe sista wa kliniki alinipima, akanipima tena, akaniambia niende hospitali kubwa mjini Nyeri, na nisiende kesho. Mama yangu mzazi alikuwa Mweiga na alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa miezi mitatu, kwa hivyo aliyenisindikiza ni mama mkwe, na kiondo chake, na thamosi yake, na mume wake.

Daktari alikuwa kijana, sauti yake ya chini. Alisema mtoto amekaa kupita siku zake na maji yameanza kupungua. "Tutaanzisha uchungu kwa dawa ya dripu. Ikifika jioni na njia haijafunguka, tutakupeleka thieta tumtoe kwa upasuaji. Usiogope, ni kitu tunafanya kila siku." Akaondoka.

Mimi sikuogopa. Nilikuwa nimechoka sana hivi kwamba angesema atanitolea mtoto kwa kijiko ningemuuliza kijiko kiko wapi. Lakini niligeuka nikamwona mama mkwe. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Mwari," akaniambia, yaani binti, "mzee wangu hapitii pale mara ya pili."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Baba mkwe alikuwa amesokotwa na utumbo akiwa shambani. Walimleta hospitalini, wakamwingiza thieta akiwa anatania, anamwambia mkewe aangalie asiuze ng'ombe wakati yeye amelala. Alirudishwa amefunikwa shuka. Nilikuwa nimesikia habari hiyo mara nyingi, tena nikiwa najua mahali pa kuguna na mahali pa kusema pole. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mimi ndiye ninayembeba kumrudisha kule. Kama ningeingia na mtoto akafa, katika hesabu ya mama mkwe ningekuwa nimemuua mume wake mara ya pili. Hangenilaumu kwa mdomo. Angenipikia, angenifulia, na angeendelea kunitazama tumbo.

Basi nikakasirika. Nikamwita mama kwa lugha yetu, nikamwambia, "Atatoka kwa njia ya watu, Maitu. Nenda ukae nje." Nilisema kama mtu anayejua.

Wadi yenyewe ilikuwa upande wa chini, na madirisha yake yalitazama nyasi ambapo jamaa za wagonjwa hukaa, wanaanika leso, wanakula, wanaombea. Kitanda changu kilikuwa dirishani. Kwenye kitanda cha pili alikuwa mwanamke wa Mweiga, mkulima wa viazi, mtoto wake wa nne, na alikuwa amejilaza kama mtu aliyekuja kupumzika.

"Wa kwanza?" akaniuliza.

"Wa kwanza."

"Pole. Wa kwanza hana adabu. Wa pili anaomba njia. Wa tatu wangu alitoka nikiwa natafuta slipa chini ya kitanda."

Sista aliyenishughulikia alikuwa mrefu, mtu wa upande wa Kisumu, asiyejua Kikuyu hata neno. Alinitoboa mkono, akatundika chupa, akasimama akitazama matone yakidondoka na saa yake mkononi. Kisha akapasua chupa ya uzazi, na sitasema uongo, hapo nilimshika mkono nikamfinya mpaka akaniambia, "Mama, huu mkono nitautumia tena." Maji yalikuwa kidogo, na yalikuwa na rangi. Aliyaangalia mara mbili. Hiyo mara ya pili ndiyo iliyonitisha. Akachukua kile kitu cha kusikilizia mtoto, mfano wa tarumbeta ndogo, akaweka tumboni na sikio lake juu, muda mrefu. "Anaenda vizuri," akasema. "Lakini asikae sana humo."

Kwa muda hakuna kilichotokea. Nikaanza hata kuidharau hiyo dawa. Halafu ikafika.

Wanasema uchungu wa kawaida hubisha hodi, huja na kwenda, unakupa nafasi ya kuketi. Uchungu wa dripu hauna hodi. Umewahi kuiona mashine ya kumenya kahawa ikianza, zile punje zikisukumwa ndani huku nyingine zinakuja nyuma yake, hakuna punje inayoulizwa kama iko tayari? Basi. Nilikuwa punje. Moja haijaisha nyingine imeanza. Na wale wanaoniambia eti ukimwona mtoto unasahau yote, mimi nimemwona, nampenda, anatambaa sasa hivi chini ya meza ninayoandikia, na sijasahau chochote.

Nilipiga kelele. Sista akaniambia yale wanayowaambia wanawake wote, "Mama, wacha kelele. Ulipokuwa unatengeneza ulituita?"

Nikamjibu, "Sista, huyu sikumtengeneza. Ni mzee wa watu, aliletwa akiwa tayari."

Mwanamke wa Mweiga alicheka mpaka uchungu wake ukaanza. Nasema ukweli. Alishika kiuno, akasema, "Ona sasa," akainuka, akaenda chumba cha kuzalia kwa miguu yake. Alirudi baadaye akiwa na mtoto mikononi na akaomba chai. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Ni wakati huo mama mkwe alipotokea dirishani. Wageni hawakuruhusiwa, kwa hivyo alikuwa amepanda juu ya jiwe, na nilichoona ni kitambaa cha kichwa na macho mawili. Hakunisalimu.

"Mzee," akasema kwa Kikuyu, sauti ya kusikika mpaka langoni, "unafanya nini humo? Hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa haraka. Siku ya harusi yetu ulifika ng'ombe wakirudi malishoni, chakula kimepoa, baba yangu amenuna. Toka. Una matako mazito, nilikuambia zamani."

Sista akageuka. "Huyo mama anasema nini?"

"Anaongea na bwanake," nikasema.

"Bwanake yuko wapi?"

"Yuko humu ndani." Nikamwonyesha.

Sista alitazama tumbo langu, akatazama dirisha, akaongeza matone. Nafikiri aliamua kwamba mimi ndiye ninayehitaji kuharakishwa.

Askari wa lango alikuja akamfukuza mama mkwe. Akaenda. Akarudi. Akafukuzwa tena, na mara hii nikamsikia akimwambia askari, "Kijana wangu, mimi siongei na wagonjwa, naongea na mume wangu, kuna sheria ya hiyo?" Akarudi. Mchana wote ulikuwa hivyo. Mzee mvivu, mzee mkaidi, mzee anayependa joto, mzee ambaye hata kitandani ilibidi aondolewe blanketi ndipo aamke. Watu wa kwenye nyasi walianza kucheka pamoja naye na kuongeza yao. Mwanamke mmoja ambaye sikuwahi kumwona alipaza sauti kutoka huko nje, "Mwambie kuna pombe ya miwa," na wengine wakaangua kicheko. Na mimi ndani, nimeuma kona ya shuka, naona aibu, hasira inanipanda hadi utosini, kwa sababu katika umati wote huo hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mimi ni mzima.

Kisha jua likaanza kupungua, na sista akanipima, akasema, "Bado, mama. Kidogo tu." Akaenda kumwita daktari. Nilijua maana yake.

Dirishani kukawa kimya. Nilifikiri ameenda kula. Halafu nikasikia sauti yake, ya chini sana sasa, kumbe alikuwa amekaa chini ya dirisha na kichwa chake kimeegemea ukuta.

"Usiende kule," alikuwa akisema. "Nakuomba. Kule uliniacha nimeshika viatu vyako. Sitaki kushika viatu tena. Toka tu, hata ukitoka mbaya, hata ukitoka na kelele, nitakupokea. Huyu msichana amechoka. Muonee huruma. Ni msichana mzuri, ana mdomo lakini ni mzuri."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi yote hiyo kumsikia akinitaja. Nilingoja uchungu uliokuwepo upite, nikainua kichwa nikasema kwa nguvu, "Maitu, nimekusikia. Sasa nyamaza niache nifanye kazi. Hatapita huko."

Kutoka chini ya dirisha akajibu, "Sawa, mwari."

Sijui kama ni dawa iliyokuwa imekusanya nguvu, au ni hasira yangu, au ni vile nilivyogeuka nikapiga magoti juu ya kitanda na mpira wa dripu ukinivuta mkono, lakini kitu kilishuka. Nilikihisi kikishuka kama gunia linalotelemshwa kutoka mgongoni. Daktari aliingia akiwa tayari na maneno yake. "Tumtayarishe," akamwambia sista.

"Siendi," nikasema.

"Mama, ni kwa usalama wa mtoto."

"Kwanza angalia. Ukiangalia na bado, nitaenda mwenyewe kwa miguu."

Alinitazama. Angeweza kunikemea, madaktari wengine wangenikemea. Akavaa glavu, akaangalia, akaangalia tena, akaanza kutabasamu kama mtoto wa shule. "Amefunguka," akasema. "Amefunguka kabisa. Mpelekeni leba upesi." Kisha kwa Kikuyu, taratibu, na hapo nikajua kwamba mchana wote alikuwa akisikia yaliyosemwa dirishani, "Mzee ameamua."

Chumba cha kuzalia kilikuwa mlango wa pili. Sitaki kukieleza sana, aliyefika huko anajua na ambaye hajafika hataniamini. Nitasema tu kwamba nilisukuma kwa hasira. Nilimsukumia yule wa pilipili, nikamsukumia yule wa mlima wa shule, nikamsukumia mume wangu pale chini ya lori lake, na sista ananiambia, "Hivyo hivyo, mama, usipunguze, una nguvu kama trekta," na ni maneno matamu kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mtu. Kichwa kikatoka, kikichoma kama moto, kisha mabega, kisha vyote kwa mara moja, vyenye joto na utelezi.

Hakukuwa na sauti.

Sista alimbeba haraka mpaka mezani, akaingiza mpira mwembamba mdomoni mwake, akavuta uchafu, akamsugua mgongo kwa taulo. Niliona kisigino kimoja tu, cha rangi ya zambarau. Nilifikiri juu ya mwanamke aliyekaa chini ya dirisha. Nilianza kusema, "Mwambie," sijui amwambie nini, na papo hapo mtoto akakohoa, akakusanya hewa, akalia. Hakulia kama paka. Alilia kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Na kule nje kigelegele kikapanda. Kimoja. Kwetu kuna hesabu yake, kila mtu anaijua, msichana ni vitatu na mvulana ni vitano, na unaposikia kikianza kijijini unaacha unachofanya, unahesabu. Nikahesabu. Viwili. Vitatu. Hapo nilisubiri. Vinne. Vitano, na cha tano kirefu, chenye kutetemeka, na watu wote wa kwenye nyasi wakakipokea.

Sista alikuwa amemgeuza mtoto, anamfuta miguu. "Mama," akasema, "umepata msichana."

Nilianza kucheka. Nilicheka na machozi yakinishuka, nikashindwa kujizuia, nikacheka hivi kwamba kondo la nyuma lilitoka lenyewe na sista hakuhitaji kulivuta. "Ni nini?" ananiuliza. "Ni nini, mama?" Nilimwonyesha dirisha tu. Akaniwekea mtoto kifuani, mzito, ana nywele mpaka kwenye masikio, na akanyamaza mara moja akanitazama kwa jicho moja. Nikamwambia, "Kumbe ni wewe."

Kwa sababu kwetu, mtoto wa kwanza akiwa msichana, ni mama ya baba yake.

Walipomruhusu mama mkwe kuingia, nilikuwa nimerudishwa wadini. Alikuja amefunga leso upya, anasalimia kila kitanda, anapokea pongezi njiani kama chifu. Ndani ya kiondo alikuwa na njahi, maharagwe yetu meusi, za kunirudishia damu na kuniletea maziwa, zimepondwa na ndizi, bado moto. Sijui alikuwa amezipashia wapi. Akasimama miguuni pangu.

"Mzee wangu yuko wapi?"

"Hajafika," nikasema.

Akatazama blanketi. "Na huyu ni nani?"

"Ni wewe."

Hakuelewa. Kisha akaelewa. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyeambiwa aketi.

Nilikuwa nimeshonwa, nina njaa, sina nguvu hata ya kuinua kikombe, lakini siku nzima nilikuwa nimeingoja nafasi kama ile bila kujua. "Maitu," nikamwambia, "mchana kutwa umekuwa ukijitukana mbele ya Nyeri nzima. Mwenye matako mazito ni wewe. Mvivu ni wewe. Wewe ndiye unapenda joto, mpaka uondolewe blanketi."

"Mimi sijawahi kuchelewa mahali popote," akasema polepole.

"Leo umechelewa. Uliza daktari."

Mwanamke wa Mweiga alijizungushia mikono tumboni. "Na vile vitano?" akauliza. "Nimehesabu, vilikuwa vitano. Vile viwili vya juu utavirudisha?"

"Kigelegele hakirudi mdomoni," mama mkwe akamjibu. "Waliosikia wamesikia." Lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kucheza pembeni.

Akamtazama mtoto. Niliona ule uchungu wake ukipita usoni, na nikajuta kidogo kwa maneno yangu, kidogo tu. Alikuwa amemngoja mtu mwingine. Alikuwa amempikia miezi yote ile. "Basi hakuja," akasema.

Nikamfunika mtoto miguu. Kidato cha nne hakifundishi jibu la hapo.

Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Unajua ni tabia yake," akaniambia. Ananiambia mimi, usoni. "Mahali asipopajua hakuingia wa kwanza hata siku moja. Tukienda kwa watu ananisukuma mbele, ananiambia, wewe ingia kwanza uone kama kuna mbwa. Hata kanisani." Akafuta macho kwa kona ya leso. "Amenituma mimi kwanza."

"Kama kuna mbwa utamwambia," nikasema.

"Nitamwambia kuna mkali mmoja, ana mdomo."

Tukacheka sote wawili, na mwanamke wa Mweiga akatuomba kwa jina la Mungu tunyamaze, mshono wake unauma. Mtoto akapiga chafya. Mama mkwe akainuka nusu, akanyoosha mikono, halafu akairudisha kifuani. Mwanamke huyu alikuwa ameliamuru tumbo langu tangu lilipoanza, nile nini, nilale upande gani, nisivuke kamba ya ng'ombe. Sasa alikuwa amesimama pale kama mgeni mlangoni.

"Mwari," akasema, "naweza kumshika?"

Nikatazama ile mikono. Ilikuwa na udongo wa ukutani pale alipokuwa ameegemea, na nyasi kwenye kucha.

"Nawa kwanza," nikasema.

Akaenda. Nilimsikia kule mwisho wa wadi akimuuliza sista mrefu kwa Kiswahili chake kibovu, maji yako na sabuni yako wapi, na sista akimwelekeza. Alisugua muda mrefu kupita ilivyohitajika. Akarudi ameinyoosha mikono mbele yake, maji yakichuruzika viwikoni, akasimama kando ya kitanda akingoja neno langu.

Nikamwacha angoje kidogo. Halafu nikampa.